Soda ya Dada Mbuke

Juzi, kwenye televisheni ya saluni, nilimwona mcheza judo akimwinamia mwanamke aliyemshinda. Nikatazama chini.

Nilipokuwa mdogo, alasiri moja, ukumbi wa michezo wa Mirongo ulinuka jasho na dawa ya kuchua. Wageni wa Uganda na Kenya walikuwa wamekuja kushindana judo, wanaume kwa wanawake. Wanaume walipomaliza, aliitwa dada yangu Mbuke. Mwanamke mmoja wa Uganda alimwinua akambwaga chali, kishindo kikajaa ukumbi mzima. Dada aliinuka, akakaza mkanda wake, akainama. Mimi nilidhani anamwamkia shikamoo mtu aliyempiga. Sikuona hata kwamba mshindi naye aliinama. Leo najua ndiyo heshima ya mchezo wenyewe.

Nyuma yetu watu walicheka. Rafiki yangu Neema akanigusa bega.

"Yule si dada yako?"

"Hapana," nilisema kwa sauti. "Simjui."

Dada alikuwa anapita mbele yetu, akirudi kwenye benchi. Hakugeuka.

Baadaye alinikuta nje, nimejibanza ukutani. Alinipa soda waliyompa yeye, bado ya baridi.

"Kunywa," alisema, "hata kama hunijui."

Niliinywa yote. Sikumbakizia hata funda moja.