Buibui niliyomukataza bibi yangu kuua

Wandugu wa Kasongo, nani anajua buibui hii?

Foto sina. Iko nyeusi, inangaa, tumbo mviringo, kubwa kama punje ya mahindi.

Leo asubui bibi yangu aliikuta nyuma ya mutungi wa maji. Akainua kandambili.

"Baba Saidi, niiue?"

Nikakataa. Sisi Waislamu hatuue buibui, ilimufichia Mtume mulango wa pango. Tena nani hapa anajua wadudu kunipita mimi? Hakuna!

"Hii haina sumu," nikamuambia. "Ishike na mukono, uitupe inje."

Akaniamini. Ikamuuma kidole, ikakimbilia mu majani ya paa.

Sasa jasho inamutoka, tumbo imekaza kama ubao. Anfirmie wa kituo cha afya ananiuliza:

"Muzee, chini ya tumbo, hiyo buibui ilikuwa na alama nyekundu?"

Sikuangalia. Mimi! Nimetoboa paa yote, siioni.

Cheka kama unataka, lakini anayeijua aandike sasa hivi.

Toka tuoane ananiita Baba Saidi tu. Sasa analia, ananiita kwa jina langu.