Ijumaa Niliyotembezwa Chartres

Mimi si mtu wa matembezi. Nimekulia Kilosa, wazungu wanavuka bahari kuja kuona tembo wa Mikumi, na mimi hifadhi hiyo naijua kwa dirisha la basi la Iringa tu. Kwa hiyo shamba la mbegu la Kilangali liliponipeleka mafunzoni Ufaransa, na wenyeji wetu wakatangaza kwamba Ijumaa hakuna darasa, tunakwenda Chartres kutazama kanisa kuu, nilinuna waziwazi. Nilitaka kubaki chumbani na simu yangu.

Mama alikuwa mgonjwa. Nilimwacha Kilosa kwa dada yangu, miguu imevimba, presha haishuki, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifukuza: nenda, mguu unaouma ni wangu, si wako. Tukakubaliana nitampigia kila siku nisikie sauti yake. Siku zote alipokea. Ijumaa ile asubuhi simu iliita mpaka ikakatika, kisha dada akaandika: "Mafua yamemkaba, sauti haitoki. Leo hawezi kuongea. We tembea tu, ututumie picha."

Basi nikatembea. Treni ilipita katikati ya ngano, pande zote mbili ngano tupu, wala hakuna mtu hata mmoja aliyeinama shambani. Kanisa lilionekana kabla ya mji. Lina minara miwili isiyolingana, mmoja mfupi, hauna mapambo, mwingine mrefu, umechongwa mpaka juu. Mama mmoja wa Kisenegali niliyekuwa naye darasani, ambaye Kifaransa anakimudu, alinieleza kwamba ule mrefu waliujenga upya baada ya radi kuuchoma wa zamani. Nikapiga picha, nikatuma, nikampigia dada. Hakupokea.

Ndani kulikuwa na baridi na giza, na juu vioo vya rangi, buluu ambayo sijaiona kwenye khanga yoyote. Kioo kimoja kimechorwa kazi za kila mwezi, na humo yumo mtu anavuna kwa mundu, kaukunja mgongo sawasawa kama mama alivyoukunja kwenye mpunga wetu. Huyo nilimpenda kuliko watakatifu wote. Nikampiga picha, nikaituma Kilosa. Safari hii dada alijibu: "Tumemwonyesha. Amecheka." Nilifurahi, mpumbavu mimi, nikamwonyesha Msenegali ujumbe wenyewe na kumtafsiria.

Sakafuni mwao wameweka njia ya mawe inayozunguka na kujirudia mpaka katikati, na Ijumaa wanaondoa viti ili watu waipite. Watu walikuwa wanaipita kimya, viatu mkononi, wengine wanafuta machozi. Niliona ni maigizo. Halafu sijui nini kilinipata, nami ni Mwislamu, nikavua viatu nikaingia. Nilizunguka nikimwombea mama mafua yamtoke.

Mchana tuliteremka mtoni, kwenye mabanda ya mawe ambamo zamani wanawake walikuwa wanafua. Tukala chipsi, tukanunua aiskrimu. Nikapiga tena, na shemeji, mume wa dada, akapokea. Nyuma yake nilisikia sauti za wanawake wengi.

"Shemeji, hapo kuna nini?"

"Wageni tu, shemeji. Wamekuja kumjulia hali mama. We una hali gani? Baridi vipi huko?"

Tukaongea habari za baridi. Ningekuwa Dumila, au hata Dar, sauti zile zingenitosha, maana kila mtu kwetu anajua ua wenye msiba unavyosikika. Lakini nilikuwa na aiskrimu mkononi, katika mji mzuri, na nilitaka wawe wageni.

Siku zilizobaki dada aliniambia sauti ya mama bado haijarudi, na mafunzo yalipokwisha nilirudi. Dada aliniambia nishuke Mikumi, nitapokelewa. Nilitegemea shemeji na pikipiki. Kati ya malori nikaona shangazi zangu wawili, wamejifunga khanga viunoni, na shemeji nyuma yao anatazama chini.

"Shikamooni, shangazi."

"Marahaba, mwanangu," wakasema, na kabla mguu wa pili haujagusa ardhi mmoja ameshanishika kiuno, mwingine amenishika mkono. Begi langu halikushughulikiwa na mtu. Hapo nikajua. Kwetu mtu aliye safarini haambiwi habari ya kifo. Anaambiwa mgonjwa anaendelea vizuri, afike kwanza, ashikwe. Binamu yangu walimpokea hivyohivyo, nami nilikuwepo.

Mama alifariki alfajiri ya Ijumaa ile. Walimzika baada ya sala ya Ijumaa. Sisi wanawake hatuendi kuzika, kwa hiyo kuagana kwetu na mama ni kumwosha, na waliomwosha ni dada na shangazi hawa. Hakuna kinachofidia hilo. Kaburi nilionyeshwa baadaye, udongo ulishakauka.

Kutoka Mikumi hadi Kilosa niliwasema. Niliwaita waongo, niliwaita wezi, maneno ambayo mtu hamwambii shangazi yake. Wao wakaendelea kunishika. Nyumbani nilimwendea dada nikiwa na hasira ileile, nikamuuliza ni nani aliyemcheka mvunaji. Akasema hakuna aliyecheka, alikosa la kuandika. Kisha akaniambia kilichobaki. Alhamisi jioni mama, akili zake timamu, alimwita akamshika mkono.

"Asiambiwe mpaka afike," alisema. "Huko atalia na nani?"

Sikupata tena wa kumkasirikia. Mambo yangu yanakwenda, mbegu zinatoka, mshahara unaingia, na moyo wangu haujarudi mahali pake wala sitegemei urudi. Siku hizi nikiwa nje kikazi dada hunipigia kila jioni kunijulisha kwamba nyumbani wote ni wazima. Namshukuru, na simwamini.