Biskwiti Ndani ya Barafu ya Noeli

Ilikuwa siku ya Noeli, saa saba na robo mchana, katika duka moja la mtaa wa Nguba lenye friji kubwa ya kugandisha, ile ya kifuniko cha juu. Mimi nilikuwa nikinunua sabuni. Mama mmoja alikuja kuchukua bakuli lake la barafu tamu ya ndizi na maziwa, alilolihifadhi pale kwa kuwa kwake umeme ulikatika. Binti yake wa miaka saba alimshika kitenge. Mtoto huyo akila ngano, hata kidogo, huugua siku kadhaa.

Mwenye duka, ambaye watoto humwita Tantine, yaani shangazi, alifunua bakuli kwa madaha. Lilijaa biskwiti zilizopondwa.

"Maman, nilikuongezea. Kado, zawadi ya Noeli!"

"Si nilikuambia ngano hapana?"

"Ngano wapi? Hii iko biskwiti!"

"Na biskwiti banatengeneza na nini? Na mawe?"

Niliuliza kama zingeweza kuondolewa kwa kijiko.

"Muzee, nilivuruga mpaka chini," alijibu kwa fahari.

Mama alifumba macho. Kwetu ni aibu kumrudishia mtu chombo bila kuongeza kitu. Ni desturi njema, lakini haina masikio.

Mtaani husemwa kwamba mama aliimwaga barafu ile kwa hasira. Hakuimwaga; tuliila sisi tuliokuwa dukani. Husemwa pia kwamba mtoto alilia. Hakulia. Alimenya ndizi mbili za dukani, akazitia ndani ya friji zigande ziwe barafu yake, akapanda na kukaa juu ya kifuniko, akamkazia macho mwenye duka:

"Tantine, usiongeze kitu."