Gari la Mwalimu Linalozima Mlimani

Mzee Cheche alikuwa na miaka thelathini na minane katika ufundi wa umeme wa magari, na ukitaka kumuudhi, mwambie gari lako lina shida ndogo tu. "Kama ni ndogo, si ungeimaliza mwenyewe?" angekujibu. Kwa sababu ya mdomo huo mkewe alikuwa amemkataza kupokea simu za wateja.

Asubuhi hiyo aliingia mteja asiyefukuzika: Mwalimu, kaka wa mkewe, amejibana ndani ya gari lake la spoti la viti viwili, jekundu lililopauka, lenye umri mkubwa kuliko ndoa ya mzee.

"Shemeji, mtoto wako anaumwa tena," Mwalimu akasema.

"Mtoto wangu tangu lini? Mimi nilikushauri ununue baiskeli."

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kiburi. Gari likiwashwa, linawaka. Likisimama, linanguruma vizuri kabisa. Ingia barabarani sasa, kanyaga mafuta kupanda mlima wa shule: linakohoa mara mbili na kuzima. Piga stata, linawaka tena kama halikufanya kitu.

"Ameliharibu yule binti fundi wa ng'ambo ya barabara," Mwalimu akalalamika. "Tangu aniwekee koili na plagi mpya za kuwashia moto, sina raha. Nimemwambia kila mtu asimpelekee gari."

"Kila mtu nani?"

"Kinyozi, muuza nyama, fundi cherehani, walimu wote. Mimi sifichi kitu!"

Binti huyo aliitwa Dada Plaizi. Alikuwa amefungua gereji yake upande wa pili wa barabara, na tuseme ukweli, Mzee Cheche hakufurahi. Sasa uwanja wa binti ulikuwa mtupu kwa miezi miwili. Juzi tu mzee alimwona akimwonyesha mtu mashine yake ya kuchaji betri, na mtu yule akiigeuzageuza kama anayetaka kuinunua. Mzee alijiambia hayamhusu. Akaenda kula, na chakula kikashuka vizuri. Roho ya binadamu hiyo, tusimcheke.

Basi akakunja mikono ya shati. Alichomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na bodi, akamwambia Mwalimu apige stata. Moto ukaruka, wa buluu, mnene. Akagusa koili: ya uvuguvugu tu. Akakagua plagi moja moja, zote safi, zimefungwa kwa mkono wenye adabu. Yule binti hakuwa amekosea popote. Jambo hilo lilimkera kidogo.

"Linazima likipanda mlima tu," akanong'ona. "Hapa halizimi. Mlimani kuna nini ambacho hapa hakipo?"

"Kuna shule," Mwalimu akasaidia.

"Nyamaza, Mwalimu."

Ndipo akakumbuka kile kimpira chembamba kinachotoka kwenye injini kwenda kwenye distributa, kile kichwa kinachogawa moto kwa kila plagi. Ukikanyaga mafuta barabarani, injini huvuta hewa kupitia kimpira hicho, na kisahani kilichomo ndani ya distributa huzunguka kidogo. Gari likiwa limesimama linanguruma tu, kisahani hakiondoki mahali pake. Mzee akarudisha waya wa plagi, akamwambia Mwalimu awashe injini, akakichomoa kimpira upande wa injini, akakitia mdomoni, akanyonya.

"Shemeji! Dada yangu hakupi chai nyumbani?"

Injini ikakohoa mara mbili. Ikazima.

Mzee akacheka mpaka akashika kiuno. Mwalimu akaiwasha, mzee akanyonya tena, ikazima tena. Alikuwa amempata mchawi! Akafungua mfuniko wa distributa, akaingiza tochi, na kicheko kikamkauka.

Ndani mlikuwa na waya mfupi unaosogea kila kisahani kinapozunguka. Waya wa hapo hutakiwa uwe laini, wa nyuzi nyingi. Huu ulikuwa mgumu, wa uzi mmoja wa shaba, waya wa kengele ya mlango, na ulikuwa umekatikia ndani ya ganda lake. Kisahani kikitulia, ncha zinagusana, kikizunguka, zinaachana. Na kwenye kiungo ulikuwa umefungwa uzi wa kijani wa kushonea, mizunguko saba. Katika mji mzima fundi mmoja tu alifunga hivyo. Alikuwa ameuweka yeye mwenyewe mwaka juzi, Ijumaa moja aliyoishiwa waya laini, akaahidi kuubadilisha Jumatatu. Jumatatu ilipita na mambo yake.

"Umeona nini?" Mwalimu akauliza kutoka kwenye usukani.

Angeweza kusema kutu. Angeweza kuubadilisha kimya kimya, akapewa sifa, na ng'ambo ya barabara pakafungwa kufuli. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Nimeona mjinga," akasema. "Ni mimi."

Alipomaliza kuweka waya laini, akaingia kiti cha pili na kufunga mkanda. "Gari linataka majaribio. Twende kwa kinyozi."

Walipanda mlima wa shule kwa kishindo. Kwa kinyozi Mwalimu akazima gari, mzee akashuka na kusema mbele ya wateja wenye povu shingoni: "Gari hili nililiharibu mimi. Binti alifanya kazi safi." Wakawasha. Wakaenda kwa muuza nyama, kwa fundi cherehani, kwenye chumba cha walimu. Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Mara ya sita Mwalimu alikuwa akimsaidia kwa mbwembwe. Mara kumi na moja wakazima, mara kumi na moja likawaka.

Kituo cha mwisho kilikuwa kwa Dada Plaizi. Alikuwa akifunga spana zake kwenye boksi. Mzee akamweleza yote, hata uzi wa kijani. Binti hakucheka wala hakukasirika. Aliketi juu ya boksi.

"Mzee wangu, wateja kuondoka ningevumilia," akasema, akifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye grisi. "Lakini nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kweli sijui kazi."

Mzee Cheche akampa mkono, akamwinua kutoka kwenye boksi. Akainama, akafungua boksi, akaanza kuzirudisha spana ukutani moja moja, akimuuliza kila mara: "Hii inakaa wapi?"