Turubai la Bathdei ya Kumi na Sita

Mume wangu hakujua siku aliyozaliwa. Mama yake alimwambia tu kwamba ilikuwa wakati wa kuvuna simsim, na kwao kaskazini simsim huvunwa kila mwaka, kwa hivyo habari hiyo haikumsaidia mtu. Alipoingia uaskari karani alimwandikia tarehe yoyote, naye akaipokea vilevile alivyopokea viatu walivyompa, vikubwa. Labda ndiyo sababu tarehe ya binti yetu aliishika kwa mikono miwili. Wenzake wa msikitini walimtania kwamba bathdei ni mambo ya Wakristo na mke wake Mkenya amemharibu. Alicheka tu, na kila mwaka siku hiyo alirudi na kitu mfukoni, hata kama ni chapati moja iliyofungwa kwenye gazeti.

Mimi nilivuka mpaka baada ya vita vya themanini na sita, wakati Kampala ilikuwa imeishiwa kila kitu na mtu akileta sabuni kutoka Kenya anaombewa baraka. Nilikuja kuuza sabuni nikapata mume. Alikuwa askari polisi, Mwislamu, mtu mpole kupita kiasi, na mimi mdomo wangu haujawahi kuwa na breki, basi tukapatana. Tulikaa kambini, kwenye zile nyumba za bati za mviringo ambazo askari wenyewe waliziita mama-ingia-pole, kwa sababu mlango ni mfupi na ukiingia kwa pupa unapasua paji la uso. Mtoto alikuwa mmoja tu, huyo binti. Wengine hawakukaa.

Mwaka aliotimiza kumi na tano, baba yake alimwahidi kwamba mwaka unaofuata kutakuwa na pati ya kweli, keki na wageni na nguo mpya, na yeye mwenyewe atakuwepo. Alisema hata wakimpeleka mwezini ataomba ruhusa. Hawakumpeleka mwezini. Walimpeleka kaskazini, huko waasi walikochoma vijiji, na kila Jumapili jioni alipiga simu ya kantini. Mwenye kantini alikuwa akituma mtu kutuita, tunakimbia mimi na mtoto, tunagombania mkono wa simu.

Halafu simu ikanyamaza. Jumapili ya kwanza nikasema ni mvua imeangusha nyaya. Jumapili nyingine nikasema wako porini. Nilikwenda ofisini nikagombana na karani mmoja kijana, mpaka akaita mkubwa wake, naye akaniambia kwa upole kwamba hakuna habari na nisubiri. Upole wake ndio ulionikera. Nilitoka nikamtukana moyoni mpaka nikafika sokoni.

Binti yangu hakulia. Aliacha tu kula vizuri, na kila Jumapili alikwenda kukaa kwenye kreti tupu kando ya ile simu, na vitabu vyake mapajani, asisome. Tarehe ilipokaribia aliniambia tuache mambo ya pati, tungoje baba arudi. Nikamkatalia palepale. Nilimwambia baba yake alitaja tarehe, na tukiifuta tarehe ni sisi tumesema haji. Sijui niliyatoa wapi maneno hayo. Niliyasema kwa ukali, kwa sababu mimi nikiogopa huwa mkali.

Akasema, "Basi tufanye. Baba hajawahi kunidanganya."

Jamani! Nilitaka kuyarudisha maneno yangu nikashindwa. Tangu siku ile haikuwa pati tena. Ilikuwa mtego wa kumvuta mtu kutoka kaskazini, na aliyekuwa anautega ni mimi, mwanamke mwenye kibanda cha nguo kuukuu za watoto pale soko la Owino na mshahara wa mume usioonekana.

Nilifanya kila ujanja. Gauni nililipata kwenye bale la mitumba la jirani yangu wa sokoni, la buluu, limekatika zipu, na nilimsumbua yule mama kutoka asubuhi mpaka akanipa ili nimwondokee. Zipu nikaitia mwenyewe. Kikuubo, kwenye maduka ya jumla, wanauza baluni kwa pakiti kubwa tu, ukitaka chache wanakuangalia kama umewatukana, basi nikasimama mlangoni mwa duka mpaka nikampata mwanamke mwingine mwenye mtoto, tukagawana pakiti. Mishumaa midogo ya keki ilikuwa ghali bila sababu. Nikachukua mishumaa ya kawaida, ile ya umeme ukikatika, nikaikata vipande kumi na sita na kuchonga kila kimoja ncha kwa kisu. Soda nikazifuta kabisa, nikakamua matunda ya pasheni. Keki nilikuwa naijua tangu kwetu: sufuria kubwa, mchanga chini, sufuria ndogo ndani, makaa juu ya kifuniko.

Kilichobaki ni mahali pa kuwakalisha watu. Mama-ingia-pole haimezi watu zaidi ya sita, na ulikuwa msimu wa mvua. Hema la kukodi sikuthubutu hata kuuliza. Lakini kambi ilikuwa na turubai lake, na hilo lilikuwa bure.

Lilikuwa mali ya chama chetu cha wanawake, tulilinunua kwa kuchangishana, na lilikuwa na kazi moja tu, matanga. Kule kambini likisimamishwa mbele ya nyumba, hakuna anayeuliza. Kuuliza ni kumlazimisha mfiwa atamke mwenyewe, na hiyo ilihesabiwa ukosefu wa adabu. Unachukua mkeka wako, makaa kidogo, unga au maharage, unakuja unakaa. Mimi nilijua hayo yote, nilikuwa nimekalia mikeka hiyo mara nyingi. Lakini kwetu turubai ni turubai, leo harusi kesho mkutano wa kanisa, na nilikuwa nimebanwa. Nilijiambia baluni zikishafungwa pande zote, nani atadhani ni msiba? Mwanamke aliyelitunza hakuniuliza la nini. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanitolea turubai na kamba zake, akaita vijana wanibebee. Nilifurahi kwamba sikuulizwa.

Jumamosi asubuhi vijana wakalisimamisha, wakaleta na mabenchi ya kantini. Binti nilikuwa nimemtuma upande wa pili wa kambi kusukwa nywele. Baluni ningezipuliza, lakini keki ilikuwa motoni, na keki ya makaa ukiiacha kidogo inakugeukia. Basi nikaingia ndani na makaa yangu, nimeinama, jasho linanitoka, nikimwomba Mungu isishike chini.

Nikasikia mwanamke analia nje. Halafu wa pili. Ule mlio unaojulikana, unaoanzia juu.

Nitasema ukweli, kitu cha kwanza nilichohisi ni hasira. Nilifikiri, nani huyu ameamua kufa leo? Siku zote hazikutosha? Nikatoka nimeinama, nikainua kichwa, na uwanja wangu ulikuwa umejaa. Wanawake walikuwa wameketi chini ya turubai juu ya mikeka, wamejifunga vitambaa viunoni, wamenyoosha miguu. Pembeni palikuwa na debe la maharage, gunia la makaa lililofika nusu, unga. Wengine walikuwa bado wanakuja. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Hapo nikaelewa. Nikapiga makofi, karibu nicheke. Niliwaambia wameniua kwa aibu, kwamba hapa hakuna msiba, ni bathdei ya mtoto, keki iko motoni, na turubai nimeliazima kwa ubahili wangu tu. Nilijieleza sana, kwa kelele, huku nikionyesha mkono wenye unga. Nilingoja wacheke nami. Wanawake wa kambi wanapenda kucheka, na kosa kama lile lingewatosha mwaka mzima.

Hakuna aliyecheka. Waliangaliana. Mmoja aliyekuwa analia alifunika mdomo kwa kitambaa, naye hakunikazia macho.

Mke wa sajini, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mzee kutoka kule kule kwa mume wangu, ndiye aliyesimama. Alikuja taratibu akanishika mabega. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi, cha kuokota, nami nilizoea kumchekea kwa hicho.

"Mama ya mtoto," akasema, "sisi iko nadhani ofisi nakwambia leo. Sisi nasikia wiki ile ingine. Wanasema, nyamaza, mukubwa atakuja mwenyewe."

Gari la mume wangu na wenzake lilishambuliwa njiani. Hayo alinieleza baadaye kidogo, kwa lugha yake, nami sikuyasikia yote. Waume wa wale wanawake walikuwa wamepata habari kwenye redio ya kazi na wakakatazwa kusema mpaka ithibitishwe. Kambi nzima ilikuwa inajua. Ndiyo sababu mtunza turubai alinishika mkono. Ndiyo sababu mwenye kantini siku hizo alimpa mtoto wangu biskuti za bure, nami nikamwona mtu wa ajabu.

Nilikaa chini kwenye kizingiti cha ule mlango mfupi. Nikanusa keki. Ilikuwa imeiva, na nikakumbuka kwamba binti yangu yuko upande wa pili wa kambi anasukwa nywele, na kwamba baba yake hajawahi kumdanganya.

Sikufikiri sana. Niliinuka nikawaambia wanyamaze. Niliwaambia wafute nyuso, wakunje mikeka, wakae kwenye mabenchi, na yeyote atakayelia mbele ya mtoto kabla sijasema, mimi na yeye tutagombana mpaka kaburini. Mwanamke mmoja alisema si vizuri kuimba juu ya maiti. Nikamwambia maiti ni ya kwangu. Mke wa sajini akaketi kwenye benchi la mbele, akafungua kitambaa kiunoni akakifunga kichwani, na wengine wakamfuata. Wawili walichukua baluni wakaanza kupuliza. Sijawahi kuona watu wakipuliza baluni kwa nyuso zile.

Alitokea akiwa amevaa lile gauni la buluu, nywele zimevutwa nyuma, shingo imekuwa ndefu ghafla. Aliona turubai akasimama.

"Mama, ni Baba?"

"Ni bathdei yako," nikasema. "Njoo ukate keki."

Walimwimbia. Sauti zilikuwa zimekauka, na katikati ya wimbo mmoja alikatika akajifanya anakohoa. Mishumaa yangu mibaya iliyochongwa iliwaka yote, akaizima kwa pumzi moja. Watoto wenzake niliowaalika walikuwa wamefika, lakini hakuna aliyemmwagia maji, ingawa ndiyo desturi ya bathdei, na nilikuwa nimewaandalia beseni makusudi. Akakata keki. Ilikuwa imeshika chini kidogo.

Kule kambini mwenye siku yake hulisha wakubwa kwa mkono wake, na msichana hupiga magoti. Alianza na mke wa sajini. Alipiga magoti, akamtia kipande mdomoni, na yule mzee akatafuna akitazama juu ya turubai. Akaenda kwa wa pili, wa tatu. Niliona anavyopunguza mwendo. Alikuwa anawatazama machoni, mmoja mmoja, kwa karibu, na hakuna mwanamke aliyeweza kumficha kitu kutoka umbali ule. Nilitaka kumzuia nikakosa namna. Alizunguka mabenchi yote bila kuruka hata mmoja.

Mwisho alikuja kwangu. Akapiga magoti, gauni la buluu kwenye tope, kipande cha keki mkononi.

"Mama," akasema polepole, "hawa hawakuja kula keki."

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Baba amekufa?"

Nilikuwa nimepanga kusema baadaye. Nilikuwa nimepanga kumpa angalau mpaka jioni. Nikasema ndiyo.

Mkono wake haukushuka. Aliniwekea keki mdomoni, akangoja mpaka nimeimeza. Kisha akasimama, akajipangusa magoti, akawageukia wale wanawake waliokuwa wameketi wima kwenye mabenchi, mikono mapajani, wananiogopa mimi.

"Asanteni kwa kuimba," akawaambia. "Sasa mnaweza kulia."

Mke wa sajini ndiye aliyeanza. Wakashuka kwenye mabenchi, wakakunjua mikeka. Watoto wenzake walikuwa wamejikusanya pembeni na vikombe vyao vya maji ya pasheni, wakimwita kwa macho aende kwao. Hakwenda. Alivua viatu, akaketi katikati ya wanawake, akanyoosha miguu.