Koma nesa ya asubuhi

Hapana, sikuwa nimelewa. Najua utauliza, kwa hivyo nakujibu mapema. Ilikuwa shifti ya usiku tu, kule Athi River, miaka ile tulikuwa tunashona suruali za kupelekwa ng'ambo.

Mimi nilikuwa wa mfuko wa kulia. Wa kushoto ulikuwa na mwenyewe. Usiku mzima mfuko, mfuko, mpaka unaona kitambaa kama mto inapita, na wewe umekaa kando na miguu ndani ya maji. Supavaisa anakuja na sauti ya puani: "Mama, huu mfuko umekunja uso. Umekukasirikia?" Namwambia ni suruali imelala, asiiamshe.

Nikitoka asubuhi, vilima vya Lukenya vinaelea, havina miguu. Jirani yangu, sauti kama kuku ametaga, ananipata mlangoni: "Tinda nesa." Kwa Kikamba, yaani nishinde vizuri, na mimi ndio naingia kulala. Jioni nikienda kazi: "Koma nesa." Nilale vizuri. Nalala wapi, juu ya cherehani? Mwisho nikaacha kumjibu. Salamu zote zilikuwa za watu wengine.

Nikaanza kulia juu ya sufuria, bila sababu. Mtoto akinigusa mchana nimelala, akiniita mwaitu, yaani mama, naamka na mdomo kama moto. Nikimaliza kufoka, sikumbuki nilisema nini.

Siku moja nikaamka, nje kuna ile mwanga ya rangi ya chai. Nikasema kumekucha. Nikapika uji. Nikavalisha kitinda mimba wangu yunifomu, alikuwa darasa la kwanza. Ilikuwa na vumbi ya siku nzima, nami sikuona. Nikamshika mkono, tukaenda polepole. Kuku za watu zilikuwa zinapanda miti, na mimi nafurahi tu, nasema leo zimeamkia juu.

Mlinzi wa shule alikuwa anaongea akitafuna miwa: "Mama, walimu walienda kitambo. Huyu umemleta asome na popo?"

Nikacheka. Nikacheka mpaka nikasikia nacheka peke yangu. Nikainama, nikamuuliza mtoto, sasa mbona hukuniambia?

Basi ya kazi ilinipita nikiwa hapo kwa geti, na sikuipanda tena, usiku huo wala mwingine. Supavaisa hakunifuta. Aliyenifuta ni huyu mtoto, akinijibu huku akiangalia viatu vyake:

"Nilijua ni jioni, mwaitu. Lakini mimi naogopa wewe."