Mama Skrubu na Orodha ya Gemu za Nyumbani

Huyu ni Mama Skrubu, mdogo wangu wa kunifuatia ziwa. Ni binti wa fundi saa aliyemrudishia mteja saa yake na kukataa ujira, kwa kuwa ilipona yenyewe mezani. Ni mjukuu wa mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa huu na hakumsahau mtoto hata mmoja kwa sura. Ni mjane wa dereva wa lori ambaye hakuwahi kugonga hata kuku, na ni mama wa muuguzi. Yeye mwenyewe ametengeneza cherehani miaka kumi na minne, redio miaka tisa, na mashine za gemu mpaka leo. Nayasema haya mwanzoni ili asitokee mtu akadai kwamba uenyekiti aliuokota njiani.

Mashine ya kwanza ya gemu aliletewa ikiwa imekufa. Ilikuwa nyeupe, na sisi wote tulidhani ni ya kuchezea kanda za video. Akaifungua, akatoa mende wawili na kipande cha biskuti, akafuta vumbi kwenye feni, ikawaka. Mwenye mali hakurudi. Mwaka ulipopita, Mama Skrubu akaiunganisha na televisheni, watu wakaanza kuja kucheza, mmoja akamwita mwenzake. Leo chumba cha mbele kina mashine sita nyeupe, mabenchi manne, padi za vitufe za kuchezea, pazia zito la kuzuia jua lisipige kwenye skrini, na kibao alichokiandika kwa mkono wake: PADI HAIRUSHWI. ALIYEFUNGWA AMEFUNGWA.

Mtaani kwetu kumbi za gemu ziko nne, na kila mwaka zinashindana. Zamani mashindano yaliisha kwa matusi. Wenye kompyuta kali majumbani walijifunza huko gemu zilezile, kisha wakaja kuwaadhiri wenzao. Mama Skrubu ndiye aliyeleta dawa: zichezwe gemu za nyumbani tu. Maana yake, gemu ambayo ni mali ya kampuni yenyewe ya mashine nyeupe, tena haichezeki kwenye chombo kingine chochote. Hapo hakuna mkubwa wala mdogo. Ukitaka kujifunza, njoo ukumbini upange foleni. Kumbi zote nne zikakubali, zikampa uenyekiti wa sheria, naye akaandika orodha ya gemu kumi na tisa kwenye daftari la jalada gumu. Miaka minane hakuna aliyeigusa.

Mwaka uliofuata, aliyeingia fainali kwa ukumbi wetu alikuwa binti yake, yule muuguzi. Kila mchezaji huchagua gemu moja mwanzo wa msimu, na mshindi ni anayepunguza rekodi ya muda wa kuimaliza gemu yake zaidi ya wenzake. Binti alichagua ile tunayoiita Upinde, ya msichana anayevuka milima na upinde mgongoni. Alikuwa akitoka wodi ya wazazi na sare yake, anaweka miguu iliyovimba kwenye beseni la maji, anashika padi. Hakuna mwanamke aliyewahi kufika fainali kabla yake. Alikuwa ameshapunguza dakika nne nzima.

Wiki mbili kabla ya fainali, mchana, akaingia Profesa. Huyu ni kinyozi mwenye ukumbi nyuma ya soko. Mkononi alishika boksi la Upinde.

"Hodi, mwenyekiti."

"Karibu, Profesa. Umekuja kuzinyoa padi zangu?"

"Nimekuja na swali moja tu, dada yangu. Upinde ni ya nyumbani?"

"Imo kwenye orodha."

"Orodha si ushahidi. Hata mimi nimo kwenye orodha ya maprofesa wa mtaa huu, na shule niliishia darasa la nne."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akasema walioitengeneza Upinde ni kampuni nyingine kabisa. Wenye mashine nyeupe walipatana nao tu kwamba ikae kwao kwanza, na muda wa mapatano umekwisha. "Mpwa wangu anaicheza kwenye kompyuta tangu mwezi uliopita."

Dobi, ambaye nguo za watu humsubiri yeye akimaliza kucheza, akaruka. "Ngoja kwanza! Ukimpa fundi kitambaa chako akakushonea, nguo ya nani? Si yako?"

"Na kama kitambaa ni cha fundi mwenyewe," akauliza mwalimu mstaafu aliyekaa benchi la nyuma, "wewe ulimwomba tu asimshonee jirani mpaka harusi yako ipite?"

Dobi akarudi kukaa.

"Basi huyo ni mpangaji," akasema Profesa. "Analala nyumbani, anapika nyumbani, lakini mkataba ukiisha anabeba godoro lake."

Nilikuwa kwenye kiti changu nashona kifungo. Damu ikanichemka. "Na ya kwako je, kinyozi? Hiyo gemu ya Handaki anayoicheza mchezaji wako wa fainali, yule fundi bomba. Waliitengeneza watu wengine, kampuni ikaja kuwanunua baadaye. Au unadhani sisi wazee hatusikii?"

Profesa akalihamishia boksi mkono wa pili. "Hiyo, bibie, ni mtoto wa kufikia."

"Ahaa! Mpangaji atoke, wa kufikia abaki? Nyumba yako ina milango mingi!"

Ukumbi ukawa soko. Mmoja anasema wa nyumbani ni aliyezaliwa humo tu, mwingine anasema ni yeyote anayelala humo. Mama Skrubu alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Kisha akasema, "Jibu mtalipata Jumamosi. Mpaka siku hiyo mtu asiniletee chai wala maneno."

Gemu ikimalizika, skrini hupandisha majina ya walioitengeneza, mamia kwa mamia, kwa herufi kama chawa. Sisi sote huzima hapo. Mama Skrubu hakuzima. Alichukua gemu moja moja ya kwenye orodha, akatafuta mchezaji aliyeifikisha karibu na mwisho, akamwambia aimalize, kisha akavuta kiti hadi pua ikaribie skrini. Akasoma mpaka mstari wa mwisho kabisa, ule unaosema ni mali ya nani. Halafu akatuma watu kwenye maduka ya gemu wakaulize kama inauzwa kwa mashine nyingine.

Siku ya tatu akaniita. "Dada, njoo uone ujinga wangu."

Alikuwa amepanga maboksi kumi na tisa mezani. Kila moja lina utepe mweupe juu, na nembo ya mashine.

"Orodha niliiandika kwa kutazama utepe huu," akasema. "Kumbe utepe unakwambia inachezwa wapi. Haukwambii ni ya nani. Kila gemu ya mashine hii inao. Hapa nina wapangaji sita."

"Upinde?"

"Wa kwanza wao."

Nikamwambia, kama mkubwa wake, afunge daftari anyamaze. Msimu uishe, arekebishe mwakani. Nani angejua?

"Profesa anajua. Na mimi najua."

"Huyo ni mwanao wa kumzaa!"

"Ndiyo maana siwezi kusubiri mwakani."

Nilimwita moyo wa jiwe. Nikaondoka bila kumuaga, na kifungo changu nikakisahau pale.

Ijumaa alimwambia binti kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilikuwepo, maana hasira yangu haijawahi kumaliza siku mbili. Binti alikuwa bado na miguu kwenye beseni.

"Mama, niliichagua kwenye orodha yako. Yako wewe."

"Najua."

"Nimezalisha akina mama watatu leo, nikaja hapa badala ya kulala. Unanitoa mimi, fundi bomba anabaki?"

"Nakutoa, mwanangu."

Binti akaiweka padi chini taratibu kama anaweka kichanga, akavaa ndala, akaenda. Mama yake akamwaga maji ya beseni uani, akarudi kukaza skrubu za padi ileile.

Jumamosi watu wa kumbi zote nne walijaa chumba kile mpaka pazia likaning'inia upande. Mama Skrubu akasimama bila karatasi.

"Wa nyumbani ni yule ambaye leo jina lake ni mali ya nyumba, na hachezeki kwingine. Upinde ni mpangaji, inatoka pamoja na wapangaji wenzake watano. Handaki inabaki. Ilizaliwa nje, lakini nyumba imeshaichukua na jina imeipa. Mtoto wa kufikia akishapewa jina la baba ni mtoto, asinyanyaswe."

Dobi akasimama. "Mwenyekiti, kosa lako wewe, adhabu apewe binti? Haki iko wapi?"

"Sheria tuliipitisha wote. Orodha ni mkono wangu peke yangu. Mkono ukikosea, sheria haihami. Na mkono wangu umekosea miaka minane, kwa hiyo uenyekiti nauweka chini leo."

Hapo hata Profesa akainamisha kichwa. "Dada, sikuja kukutoa wewe."

"Hukunitoa. Kaa chini."

Binti alikuwa amesimama mlangoni na sare yake, mikono kifuani. Mama Skrubu akamwita mbele ya watu wote, akamnyooshea daftari.

"Orodha mpya utaandika wewe. Msimu huu huchezi, kwa hiyo huna gemu ya kuitetea. Halafu kumbi zote nne ziisome kabla ya kuikubali."

Binti hakupokea mara moja. "Na nikiona umekosea kwenye Handaki?"

"Utaifuta, na mimi nitanyamaza."

Profesa akakohoa. Binti akamtazama, akalichukua daftari, akavuta benchi mpaka mbele ya skrini.

"Usiandike ulichosikia," mama yake akamwambia, akimpa padi. "Soma majina mpaka mstari wa mwisho. Andika nani ametengeneza, mali ya nani, na kama inachezeka kwingine. Zipo kumi na tisa. Leo fanya mbili."